Njia za Ishara za Kinasi za Protini katika Kimelea cha Malaria na Maana Yake kwa Udhibiti wa Ugonjwa katika Ukanda wa Pwani: Mtazamo kutoka Mzenga, Wilaya ya Kisarawe

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna kinasi za protini zinavyoongoza maisha ya kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, na yanahusisha ufafanuzi huo na hali ya maambukizi katika ukanda wa pwani ya Tanzania, Mzenga ikiwa mahali pa kuanzia fikra. Hoja kuu ni kwamba kimelea hakipiti kutoka hatua moja ya maisha yake kwenda nyingine kwa bahati, bali kwa ishara zinazopokewa na kupitishwa na vimeng'enya vichache vinavyoweza kutajwa kimoja kimoja. Hatua nne zinachambuliwa: kutoka ndani ya chembe nyekundu ya damu, kunata kwenye mishipa midogo ya damu, kuhamia kwa mbu, na kujificha wakati dawa inapoingia mwilini. Makala yanaonesha kuwa thamani ya kinasi kama shabaha ya dawa haitegemei tu kama kimelea kinaweza kuishi bila kinasi hiyo, bali pia inategemea ni mlango gani wa maambukizi unaofungwa kinasi hiyo inapozuiwa.

1.0 Utangulizi

Mzenga ni kata ya Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani, katika eneo la bara la mkoa huo ambako reli ya TAZARA hupita ikitoka Dar es Salaam kuelekea Zambia. Wakazi wake, kama walivyo wengi wa uwanda huu unaofika hadi Kibaha na Bagamoyo, hutegemea kilimo kinachofuata misimu miwili ya mvua: vuli na masika. Misimu hiyohiyo ndiyo inayojaza madimbwi, na madimbwi ndiyo mazalia ya mbu aina ya Anofelesi. Joto la pwani huwezesha kimelea kukomaa ndani ya mbu kwa muda wa wiki mbili hivi, na kwa sababu hiyo maambukizi hayakatiki kabisa mwaka mzima.

Katika mazingira ya namna hii, mtoto huambukizwa mara kadhaa kabla ya kufikia umri wa kwenda shule. Anayenusurika hujenga kinga ya kiasi: haugui tena kwa ukali wa awali, lakini damu yake huweza kuendelea kubeba vimelea vichache bila homa. Mtu huyo hulima, husafiri na hulala kama wengine. Haendi zahanati kwa kuwa hajisikii mgonjwa, na hata akipimwa kwa kipimo cha haraka, vimelea vyake huweza kuwa vichache mno kuonekana. Hata hivyo mbu anayemuuma anaweza kuchukua maambukizi na kuyapeleka nyumba ya pili.

Tanzania imebadilisha dawa ya mstari wa kwanza mara mbili katika kipindi kifupi. Klorokwini iliachwa mwaka 2001 baada ya vimelea kuwa sugu, ikafuatiwa na SP. Nayo SP iliachwa kama tiba ya kawaida baada ya uamuzi wa mwaka 2006 wa kutumia dawa mseto ya artemeta na lumefantrini, maarufu kwa jina la ALu. Kila badiliko lilitanguliwa na miaka ambayo wagonjwa walimeza dawa isiyowaponya ipasavyo. Swali linaloikabili elimu ya tiba leo ni kama badiliko la tatu litaikuta nchi ikiwa na dawa nyingine mkononi. Uchambuzi wa njia za ishara ndani ya kimelea ni sehemu ya jibu la swali hilo.

2.0 Dhana ya Kinasi ya Protini

Kinasi ya protini ni kimeng'enya kinachochukua kundi la fosfati kutoka kwenye molekuli ya ATP na kulipachika kwenye protini nyingine. Mahali pa kupachika si popote. Ni kwenye asidi amino maalumu, yaani serini, threonini au tairosini. Kundi hilo la fosfati ni dogo, lakini lina chaji hasi mbili. Likishapachikwa, protini iliyolipokea huweza kubadili umbo, kuamka au kulala, kushikamana na protini nyingine au kuachana nayo, au kuhama kutoka sehemu moja ya seli kwenda nyingine. Kazi ya kinyume, yaani kuondoa fosfati, hufanywa na vimeng'enya viitwavyo fosfatasi. Kwa hiyo hali ya protini wakati wowote ni matokeo ya mvutano wa pande mbili: wanaopachika na wanaobandua.

Msingi wa elimu hii uliwekwa na Edmond Fischer na Edwin Krebs katika miaka ya 1950, walipoonesha kuwa kimeng'enya kinachovunja glaikojeni katika misuli huamshwa kwa kupachikwa fosfati. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1992. Kabla yao Earl Sutherland alikuwa ametuzwa mwaka 1971 kwa kueleza jinsi homoni isiyoingia ndani ya seli inavyoweza kuamrisha kilichomo ndani: homoni hugusa kipokezi kwenye utando, na seli hutengeneza mjumbe wa pili, cAMP, ambaye hubeba taarifa hadi kwenye kinasi.

Kutokana na misingi hiyo, njia ya ishara inaweza kuelezwa kwa viungo vinne. Kwanza kuna kichocheo, kama vile badiliko la joto au kemikali fulani. Pili kuna mpokeaji wa kichocheo hicho. Tatu kuna mjumbe wa ndani, ambaye huweza kuwa cAMP, cGMP au ayoni za kalsiamu. Nne kuna kinasi inayoamshwa na mjumbe huyo na kupachika fosfati kwenye protini nyingi kwa mkupuo. Kiungo cha nne ndicho kinachokuza ishara: mjumbe huamsha kinasi, na kinasi moja huweza kubadili mamia ya molekuli kwa muda mfupi. Ndiyo maana ishara dhaifu kutoka nje huweza kuzaa badiliko kubwa ndani ya seli.

3.0 Kinasi za Kimelea na Kinasi za Binadamu

Jenomu ya binadamu ina kinasi za protini zaidi ya 500. Kimelea cha Plasmodium falciparum kina chache zaidi. Hesabu za watafiti hutofautiana kati ya 65 na chini kidogo ya 100 kulingana na vigezo vinavyotumika. Upungufu huo wa idadi una faida kwa mtafiti, kwa kuwa orodha fupi inaruhusu kila kinasi kuchunguzwa. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2010 na 2011, moja ikitumia kimelea cha panya na nyingine kimelea cha binadamu, zilijaribu kuzima jeni za kinasi moja baada ya nyingine. Zote mbili zilionesha kuwa zaidi ya nusu ya kinasi hizo zinahitajika ili kimelea kiweze kuongezeka ndani ya damu.

Muhimu kuliko idadi ni tofauti za aina. Kwanza, kimelea hakina kundi la kinasi za tairosini ambalo kwa binadamu huongoza ukuaji wa seli na ambalo likiharibika huleta saratani. Pili, kimelea hakina mpangilio kamili wa ngazi tatu za kinasi za MAP unaopatikana katika wanyama, ingawa kina kinasi mbili zinazofanana na ngazi ya mwisho ya mpangilio huo. Tatu, kimelea kina kundi la kinasi zinazotegemea kalsiamu, CDPK, ambalo lipo kwenye mimea lakini halipo kwa binadamu. Nne, kina kundi liitwalo FIKK, lenye takriban wanachama 20 katika Plasmodium falciparum, ilhali spishi nyingi nyingine za malaria zina mmoja tu.

Tofauti hizi zina maana kwa tiba. Dawa nzuri ya maambukizi ni ile inayomgusa mgeni na kumwacha mwenyeji. Mahali ambapo kimelea kinatumia chombo asichokuwa nacho binadamu ndipo dawa inapoweza kupita bila kumdhuru mgonjwa.

4.0 Kinasi katika Hatua za Maisha ya Kimelea

4.1 Kutoka ndani ya chembe nyekundu

Baada ya kuingia kwenye chembe nyekundu ya damu, kimelea hula himoglobini, hukua na kugawanyika. Kwa muda wa saa 48 hivi, kimelea kimoja huzaa vichanga, viitwavyo merozoiti, kati ya 16 na 32. Vichanga hivi vimezungukwa na tabaka mbili: utando wa kifuko cha kimelea na utando wa chembe yenyewe. Vikitoka mapema, huwa havijakomaa. Vikichelewa, hunaswa ndani. Wakati wa kutoka lazima upangwe kwa usahihi.

Kipangaji hicho ni kinasi inayotegemea cGMP, iitwayo PKG. Kiwango cha cGMP kinapopanda mwishoni mwa mzunguko, PKG huamka na kusababisha kalsiamu kumwagika kutoka kwenye ghala zake ndani ya kimelea. Vifuko vidogo humimina kimeng'enya cha kukata protini, SUB1, ndani ya kifuko kinachowazunguka vichanga. Kimeng'enya hicho huamsha protini nyingine zinazobomoa kuta, na baada ya dakika chache chembe hupasuka. Kinasi nyingine, CDPK5, hushirikiana na PKG katika kazi hii. Mara baada ya kutoka, njia ya pili inayotegemea cAMP na kinasi PKA huchukua uongozi: PKA hupachika fosfati kwenye mkia wa protini AMA1, na bila hatua hiyo kichanga hakiwezi kuingia kwenye chembe mpya.

Mgonjwa huuhisi mpangilio huu mwilini mwake. Homa inayopanda kwa baridi na kutetemeka hutokana na kupasuka kwa chembe nyingi kwa wakati mmoja. Kile ambacho familia hukieleza kama homa ya vipindi ni saa ya kimolekuli ambayo mshale wake unasukumwa na PKG.

4.2 Kunata kwenye mishipa ya damu

Kinasi za kundi la FIKK zina tabia isiyo ya kawaida: nyingi kati yake hazibaki ndani ya kimelea, bali husafirishwa nje hadi kwenye chembe nyekundu kinamoishi. Huko hupachika fosfati kwenye protini za kiunzi cha chembe, na chembe iliyokuwa laini na yenye kunyumbulika huwa ngumu. Baadhi ya kinasi hizo husaidia pia protini ya kunata, PfEMP1, kukaa vizuri juu ya vinundu vya chembe. Chembe yenye vinundu hivyo hushikilia kuta za mishipa midogo ya damu na kukwepa kupita kwenye wengu, ambako ingeangamizwa.

Kunata huku kukitokea kwenye ubongo wa mtoto, matokeo huweza kuwa malaria kali ya ubongo. Jamii za pwani zina jina la kale la hali ya mtoto kukakamaa na kupoteza fahamu: degedege. Tafiti zilizofanywa wilayani Bagamoyo katika miaka ya 1990 zilionesha kuwa degedege ilihesabiwa na wengi kuwa maradhi tofauti na malaria, yanayohitaji tiba ya mganga kabla ya hospitali. Ucheleweshaji uliotokana na fikra hiyo uligharimu maisha. Elimu ya kimolekuli haipingani na lugha ya jamii katika jambo hili. Inaonesha tu kuwa homa na degedege ni njia moja iliyofikia vituo viwili. Kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, maelezo hayo yana uzito zaidi ya kumwambia mama kwamba amekosea.

4.3 Kuhamia kwa mbu

Sehemu ndogo ya vimelea huacha kuzaana ndani ya damu na kugeuka kuwa gametosaiti, yaani hatua ya kijinsia. Gametosaiti za Plasmodium falciparum hukomaa kwa siku 10 hadi 12, nyingi zikiwa zimejificha kwenye uboho wa mifupa, kisha hurudi kwenye mzunguko wa damu na kusubiri. Hazileti homa. Kazi yake pekee ni kusubiri mbu.

Mbu anaponyonya damu, mazingira hubadilika ghafla. Joto hushuka kwa nyuzi kadhaa kutoka 37, na gametosaiti hukutana na asidi ya zanthureniki iliyomo ndani ya mbu. Mabadiliko haya mawili kwa pamoja ndiyo kichocheo. cGMP hupanda, PKG huamka, kalsiamu humwagika, na safari hii anayeipokea kalsiamu ni kinasi CDPK4. Katika gametosaiti ya kiume CDPK4 huruhusu unakili wa DNA kuanza mara moja. DNA hunakiliwa mara tatu mfululizo, na ndani ya dakika 10 hadi 20 seli moja hutoa mbegu nane zenye mikia. Kinasi nyingine, MAP2, huhitajika ili mbegu hizo ziachane na mwili wa seli na kuogelea. Katika majaribio ya kimelea cha panya, vimelea vilivyofutiwa jeni ya CDPK4 viliishi vizuri kabisa kwenye damu, lakini havikuweza kutoa mbegu za kiume, na mbu hawakuambukizwa.

Matokeo hayo yanastahili kutafakariwa kwa makini. Kinasi ambayo kimelea kinaweza kuishi bila hiyo katika damu ya mtu inaweza kuwa ya lazima kwa kimelea hichohicho kufika kwa mtu wa pili. Iwapo kigezo pekee cha shabaha nzuri ya dawa kingekuwa kuua vimelea vya damu, CDPK4 isingeingia kwenye orodha. Mahali kama Mzenga, ambako wabebaji wengi hawaumwi, ndiyo ingekuwa ya kwanza.

ALu huua vimelea vya damu na gametosaiti changa, lakini gametosaiti zilizokomaa huweza kubaki kwa siku kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2012 dozi moja ndogo ya primakwini, miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito, iongezwe kwenye tiba katika maeneo yanayolenga kukata maambukizi. Kikwazo kilichojulikana ni upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao si nadra katika jamii za pwani na ambao kwa dozi kubwa ya primakwini husababisha chembe nyekundu kuvunjika. Usalama wa dozi ndogo pamoja na ALu ulichunguzwa katika Mkoa wa Pwani wenyewe, kwenye zahanati ya Yombo wilayani Bagamoyo. Kizuizi cha CDPK4 au cha PKG kingefanya kazi ileile ya kulinda jirani, bila kupitia njia ya kemia inayowahatarisha wenye upungufu huo.

5.0 Kinasi PK4 na Usingizi wa Kimelea

Artemisinini na dawa zinazotokana nayo huamshwa na chuma kinachopatikana himoglobini inapomeng'enywa. Zikiamshwa, huharibu protini nyingi za kimelea kwa wakati mmoja. Kimelea chenye mabadiliko kwenye jeni ya K13 humeza himoglobini kidogo katika saa za mwanzo za maisha yake, na hivyo dawa huamshwa kidogo. Hali hiyo huitwa ukinzani wa sehemu: vimelea havishindi dawa moja kwa moja, ila hutoweka polepole kuliko kawaida, na mzigo wote wa kuvimaliza huangukia dawa mwenza.

Hapa pia kinasi ina nafasi. Protini zilizoharibika zikirundikana, kinasi PK4 huamka na kupachika fosfati kwenye kipengele eIF2α, ambacho ni cha lazima katika kuanza kutengeneza protini. Utengenezaji wa protini husimama, na kimelea huingia katika hali ya usingizi. Kwa kuwa hakili wala hakikui, dawa ambayo hukaa mwilini kwa saa chache hupita bila kukidhuru. Baadaye huamka na kuanza upya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionesha katika maabara kwamba kuizuia PK4 baada ya artemisinini kulivizuia vimelea vilivyolala visirudi tena. Kwa maneno mengine, kuna uwezekano wa kumnyima adui mahali pa kujificha bila kuitupa dawa iliyopo.

Umuhimu wa jambo hili kwa Tanzania si wa kinadharia. Mabadiliko ya K13 yanayohusiana na ukinzani wa sehemu yalithibitishwa Rwanda mwaka 2020 na kaskazini mwa Uganda mwaka 2021. Badiliko la R561H, lililokutwa Rwanda, limeonekana pia mkoani Kagera, na utafiti wa tiba uliofanyika wilayani Karagwe ulionesha wagonjwa ambao vimelea vyao vilichelewa kutoweka. Kagera iko mbali na Kisarawe, lakini vimelea husafiri ndani ya damu ya wasafiri. Usugu wa klorokwini na wa SP haukusimama mpakani mwa mkoa wowote.

6.0 Kuzuia Kinasi kama Njia ya Tiba: Matumaini na Vikwazo

Wazo la kutibu kwa kuzuia kinasi si geni katika tiba ya binadamu. Imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huzuia kinasi ya tairosini inayosababisha saratani sugu ya damu ya aina ya mieloidi, na imegeuza ugonjwa uliokuwa ukiua kwa miaka michache kuwa ugonjwa wa kuishi nao. Wagonjwa wa Tanzania wamekuwa wakiipata katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Hata hivyo, kuna tofauti tatu zinazofanya njia ya malaria kuwa nyembamba zaidi.

Tofauti ya kwanza ni kiwango cha usalama kinachohitajika. Mgonjwa wa saratani huvumilia madhara kwa kuwa hana njia nyingine. Mtoto mwenye malaria isiyo kali ana dawa ya siku tatu inayomponya, na mjamzito hubeba maisha mawili. Dawa mpya isiyo salama kuliko ALu haina nafasi zahanati. Mfano wa wazi ni MMV390048, dawa iliyobuniwa chini ya uongozi wa Kelly Chibale katika Chuo Kikuu cha Cape Town, ambayo huzuia PI4K, kinasi ya lipidi badala ya protini. Ilifika hatua ya majaribio kwa wagonjwa, kisha ikasitishwa kwa sababu za kiusalama zilizoonekana katika wanyama wa maabara.

Tofauti ya pili ni kufanana kwa mfuko wa ATP. Kinasi zote hutumia ATP, na vizuizi vingi hukaa kwenye mfuko huo. Kinachosaidia kubagua ni asidi amino moja iliyo mlangoni mwa mfuko, ambayo watafiti huiita mlinzi wa lango. Katika kinasi nyingi za binadamu mlinzi huyo ni mkubwa na huziba njia ya ndani. Katika PKG ya kimelea ni threonini, na katika CDPK4 ni serini, zote zikiwa ndogo. Molekuli yenye tawi la ziada huweza kupenya kwa kimelea na kugonga mwamba kwa binadamu. Uthibitisho wake ni rahisi: watafiti walipobadilisha threonini ya PKG kuwa glutamini, ambayo ni kubwa, vimelea viliendelea kuishi lakini kizuizi kilikoma kufanya kazi. Hivyo ilijulikana kwa yakini kuwa PKG ndiyo shabaha yenyewe.

Tofauti ya tatu ni uwezo wa kimelea kupanga upya njia zake. CDPK1 ilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa ya lazima katika damu. Baadaye watafiti waliweza kupata vimelea vilivyoishi bila CDPK1, lakini vimelea hivyo havikuweza kuambukiza mbu. Funzo lake ni mara mbili. Kwanza, orodha ya kinasi za lazima si hukumu ya mwisho, kwa kuwa kinasi jirani huweza kubeba kazi ya iliyozimwa. Pili, njia mbadala inayopatikana ndani ya damu huweza kukosekana ndani ya mbu, ambako muda ni wa dakika na hakuna nafasi ya kujirekebisha.

Kutokana na hoja hizi, kizuizi cha kinasi hakipaswi kufikiriwa kama mrithi wa ALu atakayesimama peke yake. Nafasi yake inayoeleweka zaidi ni ya mshirika katika dawa mseto: PKG kwa kuwa inaongoza njia za damu na za mbu kwa pamoja, CDPK4 kwa kulinda wasioumwa bado, na PK4 kwa kurefusha maisha ya artemisinini.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kuwa kinasi za protini ndizo zinazosoma mazingira kwa niaba ya kimelea cha malaria na kuamua lini kitoke, wapi kinate, lini kivuke kwenda kwa mbu na lini kilale. Yameonesha pia kuwa uzito wa kila kinasi hubadilika kulingana na swali linaloulizwa. Kwa daktari wa wodi, swali ni kuokoa mgonjwa aliye mbele yake. Kwa kijiji ambacho maambukizi huzungushwa na watu wasiohisi homa, swali ni kukata safari ya kimelea kutoka mtu mmoja hadi mwingine.

Mkoa wa Pwani una sifa ya pekee ya kujibu maswali haya mawili kwa pamoja. Bagamoyo kuna kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara, ambako wajitolea wa Kitanzania walishiriki katika jaribio la maambukizi yanayodhibitiwa lililofanyika mwaka 2012, na ambako chanjo ya RTS,S ilijaribiwa. Kibaha kuna kiwanda cha viuadudu vya kibaiolojia vinavyoua viluwiluwi vya mbu. Utafiti wa vizuizi vya kinasi hauna budi kuingia katika mfumo huohuo, kwa kupima vizuizi hivyo dhidi ya vimelea vilivyochukuliwa kwa watu wa uwanda huu, badala ya kutegemea tu vimelea vilivyokuzwa kwa miongo mingi katika maabara za mbali. Hasa gametosaiti za wabebaji wasioumwa zinapaswa kupewa nafasi ya kwanza, kwa kuwa ndizo zinazoonja mdomo wa mbu.

Hadi dawa hizo zitakapopatikana, chandarua chenye kiuatilifu, kipimo kabla ya tiba na dozi kamili ya ALu vinabaki kuwa kinga ya mkazi wa Mzenga. Dozi iliyokatizwa siku ya pili huacha vimelea ambavyo PK4 imevilaza, na vikiamka huanza upya saa yao ya PKG. Maelezo ya kimolekuli na ushauri wa zahanati vinakutana katika sentensi moja ambayo mhudumu wa afya huisema kila siku: malizia dawa.